Mapigo, Volti na Kumbukumbu: Kutafuta Chanzo cha Kuyumba kwa Tarakilishi Iliyoharakishwa

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa binadamu, lakini makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa mashine nayo haikusazwa. Wapo watumiaji wa tarakilishi za mezani ambao huilazimisha prosesa ifanye kazi kwa kasi inayozidi ile iliyoidhinishwa na mtengenezaji. Kitendo hicho tutakiita kuharakisha mapigo. Tumeliteua neno 'mapigo' kwa kuwa kila prosesa huongozwa na ishara ya umeme inayodunda kwa mpangilio maalum, mithili ya moyo, na kila hatua ya hesabu husubiri pigo lake.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana haja gani na mambo haya? Mwandishi alilijibu swali hili kwa uchungu. Alinunua tarakilishi iliyokwisha kutumika ili aiandikie tasnifu, bila kufahamu kwamba mwenyeji wa awali alikuwa ameiharakisha. Mashine ilikuwa nyepesi ajabu. Baada ya miezi miwili, faili mbili za data iliyokusanywa nyanjani zilikataa kufunguka, na nakala zake zilikuwa na kasoro iyo hiyo, kwani zilinakiliwa na mashine iyo hiyo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchunguza hitilafu ya aina hii hatua kwa hatua.

Uhusiano wa kasi, volti na joto

Prosesa ya gigahezi 4 hupata mapigo bilioni 4 kwa sekunde, yaani kila pigo huchukua robo ya nanosekunde. Katika muda huo mfupi, ishara lazima ipite kwenye msururu wa transista na kufika iendako kabla ya pigo linalofuata. Tukiongeza kasi, muda hupungua. Ishara ikichelewa, prosesa husoma jibu lisilo sahihi. Volti ikiongezwa kidogo, transista hufunguka na kufunga upesi zaidi, na ishara huwahi. Hii ndiyo sababu wanaoharakisha mapigo huongeza volti pia.

Hata hivyo, hakuna marefu yasiyo na ncha. Nguvu za umeme zinazotumiwa huongezeka sambamba na kasi, na pia sambamba na volti iliyozidishwa kwa yenyewe. Chukua mfano wa prosesa iliyotolewa volti 1.20 na kufikishwa 1.32, huku kasi yake ikipanda kwa asilimia 10. Nguvu zitaongezeka kwa 1.1 mara 1.1 mara 1.1, yaani takriban asilimia 33. Nguvu hizo zote hugeuka joto, na joto likizidi huirejesha mashine katika kuyumba kulekule tulikokuwa tukikukimbia.

Mfano mashuhuri wa uharakishaji uliofaulu ni wa mwaka 1998. Prosesa ya Celeron 300A ya kampuni ya Intel iliuzwa kwa kasi ya megahezi 300, inayotokana na basi ya megahezi 66 ikizidishwa mara 4.5. Watumiaji wengi waligundua kwamba basi ikipandishwa hadi 100, prosesa hiyo hufikia 450 bila taabu. Lakini kumbukumbu nayo ilipaswa kuhimili megahezi 100. Hapo ndipo tunapoona kuwa kasi ya prosesa na uthabiti wa kumbukumbu ni mambo yanayoandamana.

Dalili za kuyumba

Dalili zilizo wazi ni tarakilishi kukataa kuwaka, kuganda, kujizima na kujiwasha, au kuonyesha skrini ya samawati. Hizi hazina hila, kwani mtumiaji hujua mara moja kwamba pana tatizo. Iliyo hatari zaidi ni dalili ya kimya: mashine inaendelea kufanya kazi huku ikikosea.

Tuchukue mfano kutoka katika lugha yenyewe. Ndani ya tarakilishi, herufi 'p' huwakilishwa na tarakimu 01110000, na herufi 't' na 01110100. Tofauti ni tarakimu moja tu. Ikiwa kumbukumbu itaipotosha tarakimu hiyo katika faili ya matini tupu, neno 'paa' litakuwa 'taa'. Vivyo hivyo, 'lia' laweza kuwa 'nia', kwani 'l' na 'n' nazo hutofautiana kwa tarakimu moja. Maneno yote manne ni sahihi katika Kiswahili, kwa hivyo programu ya kusahihisha tahajia haitanung'unika. Mtafiti anayehesabu maneno katika kongoo atatoa hitimisho potovu pasipo kujua.

Hatua za uchunguzi

Kanuni kuu ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja na kuliandika daftarini. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja hatajua ni lipi lililoponya na ni lipi lililodhuru.

Kwanza, hifadhi nakala za kazi yako nje ya mashine hiyo, kisha uirudishe BIOS katika mipangilio ya kiwandani. Iwapo tarakilishi haiwaki kabisa, zima umeme, chomoa waya, na ufute mipangilio kwa kufuata maelezo ya kitabu cha bodi mama. Mashine ikiyumba hata katika hali hii, tatizo halitokani na uharakishaji. Chunguza vumbi, feni, pawa saplai au kumbukumbu yenyewe.

Pili, itenge prosesa. Iache kumbukumbu katika kasi yake ya kawaida na upandishe kasi ya prosesa kidogo kidogo. Kila baada ya hatua, ifanyishe kazi nzito. Programu ya Prime95, iliyoundwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa, hutumika sana hapa kwa kuwa hulinganisha hesabu zake na majibu yanayojulikana. Jaribio lake dogo hukaa ndani ya prosesa, ilhali majaribio makubwa huigusa kumbukumbu pia. Kosa likitokea na joto likiwa la wastani, ongeza volti kwa kiwango kidogo, kama vile 0.01 au 0.02. Joto likiwa juu, usiongeze volti. Punguza kasi au uboreshe upoozaji. Kumbuka pia kwamba volti hushuka kazi inapokuwa nzito. Kwa hivyo, kipimo kinachosomwa mashine ikiwa imetulia hakitoshi.

Tatu, itenge kumbukumbu. Irejeshe prosesa katika kasi ya kiwandani, kisha uijaribu kumbukumbu kwa Memtest86, programu inayoendeshwa kabla ya mfumo endeshi kuanza. Iache irudie mizunguko kadhaa, ikiwezekana usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa. Likijitokeza, jaribu kijiti kimoja kimoja, na kila kijiti katika nafasi tofauti, ili ujue kama kilema ki kwenye kijiti au kwenye bodi mama.

Hapa yafaa tuondoe dhana moja potovu. Wengi hudhani kwamba namba kubwa ya kasi daima humaanisha kungoja kufupi. Kumbukumbu ya DDR4 3200 yenye ucheleweshaji wa mizunguko 16 hungoja nanosekunde 10. Ile ya 3600 yenye mizunguko 18 nayo hungoja nanosekunde 10. Aliyeyumba katika 3600 anaweza kurudi 3200 na asipoteze chochote katika kungoja huko, ingawa kiasi cha data kinachopita kwa sekunde kitapungua.

Nne, viunganishe viwili hivyo na ujaribu upya. Katika prosesa za kisasa, kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani ya prosesa yenyewe. Kwa sababu hiyo, vijiti vilivyofaulu peke yake vyaweza kushindwa prosesa inapoharakishwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba volti ni dawa, na dawa ikizidi huwa sumu. Watengenezaji wenyewe hawakuepuka funzo hili. Mwaka 2024, kampuni ya Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 ziliyumba kwa sababu ya volti iliyopita kiasi. Ilitoa marekebisho na kurefusha dhamana kwa miaka 2, lakini marekebisho hayo hayakuweza kuziponya zilizokwisha kuharibika.

Kwa upande wa mwandishi, kijiti kimoja kilionyesha makosa ya Memtest86 katika kasi ya juu, na hakikuonyesha hata moja kiliporudishwa katika kasi yake halali. Data ilibidi ikusanywe upya kutoka kwenye madaftari ya nyanjani. Tangu hapo mashine ile inakwenda taratibu, na tasnifu ilikamilika. Mwanafunzi anayenunua tarakilishi ya mtumba na aifungue BIOS kwanza, kabla hajaikabidhi kazi ya miaka.