Hiki Bado Kina Nini?

Hapo juzijuzi tu, wajukuu zangu, mwaka 2018, paliondokea jahazi kisiwani Lamu ambalo mbao zake hazikutoka kwenye mti wowote. Zilitoka jaani na ufukweni. Watu waliokota chupa, ndoo zilizopasuka na ndala zilizotemwa na bahari, wakakusanya tani 10 hivi za plastiki. Plastiki ile ikayeyushwa ikawa mbao, na mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda wakazichonga kama wachongavyo mti. Kwa nje wakalivisha ndala zipatazo 30,000, nyekundu, buluu, kijani, njano, mpaka likang'aa kama kanga mpya. Wakaliita Flipflopi. Mapema mwaka 2019 likatweka tanga, likasafiri karibu kilomita 500 hadi Zanzibar.

Sasa tegeni sikio, maana hapa ndipo penye kiini cha hadithi. Kwa nini tunailalamikia plastiki baharini? Kwa sababu haiozi. Miaka inapita, yenyewe ipo tu, na kasa huila akidhani ni chakula. Na chombo cha baharini je, kinataka kitu gani? Kinataka kitu kisichooza! Fundi aliitazama takataka ile ile, akaona ndani yake sifa aliyokuwa akiihitaji. Aliuliza: hiki bado kina nini?

Ulizeni hivyo hivyo nyumbani kabla ya kutupa chochote. Tairi la gari likiisha meno haliifai tena barabara, lakini mpira wake bado mgumu, ndiyo maana tuna katambuga, viatu ambavyo mwiba wa porini unahangaika kuvipenya. Pipa la mafuta likichoka, bati lake bado zima. Nendeni Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, msikie nyundo zinavyolia: pale bati kuukuu huzaliwa upya likawa jiko, karai, au sanduku la mwanafunzi wa bweni.

Nyinyi hamna nyundo wala tanuri, lakini dumu la mafuta ya kupikia lililotoboka halikosekani uani. Hilo bado lina nini? Linabeba udongo, haliozi kwa mvua, lina mpini wa kulihamishia kivulini. Lina tundu tu. Na mimi nawaambia, kwa mboga tundu ni neema, kwa sababu mizizi ikisimama kwenye maji inakosa hewa na kuoza.

Lilazeni dumu ubavu, mwombeni mtu mzima aukate kwa kisu ubavu wa juu, halafu atoboe matundu kadhaa chini kwa msumari. Kingo zilizokatwa huuma. Zisugueni kwa msasa au kwa jiwe. Tandazeni kokoto chini, kisha jazeni udongo, mafungu mawili kwa fungu moja la samadi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi inaunguza miche, kwa hiyo msiwe na haraka nayo. Nyunyizeni mbegu za mchicha, mzifunike kwa udongo mwembamba, kwani mbegu ya mchicha ni ndogo na ikizikwa chini sana haitoki. Mwagilieni taratibu asubuhi na jioni. Miche ikisongamana, ng'oeni ile midogo muile. Baada ya wiki tatu au nne mtachuma, na mkikata mkaacha shina lenye majani machache, litachipua tena.

Jambo moja nalisema kwa ukali kwa sababu nawapenda: dumu lililowahi kubeba dawa ya wadudu au kemikali yoyote msiliguse, hata likioshwa mara mia. Hilo halina kazi ya pili nyumbani. Wala msichome plastiki ili kuipunguza. Moshi wake ni sumu kwa mapafu yenu.

Kwenye safari ya kwenda kwa ndugu, nani atamwagilia mchicha? Chupa ya maji. Toboeni kifuniko chake tundu dogo sana, jazeni maji, mfunge, kisha mchimbie shingo yake kwenye udongo, kitako kikiwa juu. Toboeni na kitako tundu la kupitisha hewa, la sivyo maji yatagoma kutoka. Yatadondoka kidogo kidogo kwenye mizizi. Ijaribuni kwanza mkiwa nyumbani, mwone maji yanakaa muda gani, maana kila udongo una kiu yake.

Na suruali ya jinzi iliyotoboka magoti? Jinzi hufa magotini na kwenye makalio. Paja bado lina nguvu za miaka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, Tanzania ikafuata mwaka 2019, hivyo kila nyumba inahitaji mfuko wa sokoni. Kateni mguu mmoja juu ya goti, kisha mkate tena pale paja linapoanzia, chini ya makalio, mpate bomba la kitambaa lililo wazi pande zote mbili. Ligeuzeni ndani nje, shoneni upande mmoja, mrudie mshono huo mara ya pili kwa sababu viazi ni vizito. Geuzeni tena. Pindeni mdomo wa juu, mshone. Mkanda wa kushikia upo tayari: ule ukanda mnene wa kiunoni, kateni kipande chake, mkishone kwa nguvu pande zote mbili za mdomo.

Mfuko wa suruali wa nyuma msiutupe. Ubandueni kwa wembe, kwa msaada wa mkubwa, mkaushone ndani ya mfuko wenu mpya, kwa ajili ya sarafu za chenji. Na ule mguu wa pili, mtu mwenye uzi mweupe na aanze kuupima sasa hivi, wakati mwanga wa jua bado upo.