Ng'ombe Mzima Aweza Kuleta Maradhi

Wakazi wengi wa Eldoret hununua maziwa mabichi kutoka kwa jirani mfugaji. Akiulizwa kama maziwa yake ni salama, mfugaji hujibu kwamba ng'ombe wake hajawahi kuugua. Jibu hilo halitoshi. Baadhi ya viini vinavyomwangusha binadamu kitandani havimsumbui ng'ombe hata kidogo.

Mfano ni bakteria aina ya E. koli O157. Viini hivi hukaa katika utumbo wa ng'ombe, naye akaendelea kula na kutoa maziwa kama kawaida, kwani sumu yake haimdhuru. Binadamu huumwa na tumbo na kuhara damu, na kwa watoto wadogo sumu hiyo yaweza kuharibu figo. Nchini Marekani mwaka 1993, nyama ya kusaga isiyoiva vizuri iliambukiza zaidi ya watu 700, na watoto 4 wakafariki.

Viini hivyo hutoka pamoja na kinyesi, na hapo ndipo hali ya zizi huamua mambo. Msimu wa mvua huko Uasin Gishu, zizi lisilo na sakafu hugeuka matope, na ng'ombe hulala juu ya samadi. Kiwele huchafuka, na uchafu huangukia ndooni wakati wa kukama. Kinyesi kikiingia katika hori la maji, viini huweza kuishi humo kwa majuma mengi, na ng'ombe wengine wakaambukizwa. Ngozi iliyojaa tope nayo huchafua nyama kichinjioni.

Ugonjwa wa brusela ni tofauti kidogo, kwa sababu ng'ombe mwenyewe hutupa mimba. Hata hivyo, baadaye huonekana mzima huku viini vikiendelea kutoka katika maziwa. Binadamu hupata homa inayokuja na kwenda, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ana malaria.

Mfugaji afanye nini?

1. Aondoe samadi kila siku, na mahali pa kulala pawe pakavu.
2. Asugue hori la maji mara kwa mara na kuliinua lisiingie kinyesi.
3. Anawe mikono, aoshe chuchu na kuzikausha kabla ya kukama.
4. Mimba iliyotoka na kondo la nyuma asivishike kwa mikono mitupu. Avizike kwa kina, mbali na mbwa, na kumwita daktari wa mifugo.
5. Aulize kuhusu chanjo ya brusela kwa ndama jike.

Usafi hupunguza viini, lakini haviishi vyote. Kwa hiyo maziwa ni lazima yachemshwe. Kwa kuwa Eldoret iko juu, kiasi cha mita 2,100, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Usiwe na wasiwasi: nyuzi 72 kwa sekunde 15 zatosha kuua viini hivi.

Je, mursik? Uchachu na mkaa wa kibuyuni si kinga ya kutegemewa. Chemsha maziwa kwanza, yapoe, ndipo uyatie kibuyuni.

Mtoto akihara damu, usimpe dawa ya kufunga tumbo. Mpeleke hospitali mara moja.