Lami, Zege au Matofali? Jinsi Mabaraza ya Miji Yachaguavyo Uso wa Barabara
Mtu apitaye katika barabara ya mji kila siku aghalabu hajali anachokanyaga, mpaka siku basi linapotumbukia shimoni. Hapo ndipo husikika manung'uniko: "Kodi zetu zaenda wapi?" Swali hilo ni la haki. Lakini jibu lake huanza zamani kabla ya shimo kutokea, siku ile ilipoamuliwa barabara itandikwe kitu gani.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Mskochi John Loudon McAdam alifundisha kujenga barabara kwa mawe madogo yaliyoshindiliwa. Barabara hizo zilifaa kwa magari ya farasi, lakini motokaa zilipokuja ziliyatimua mawe hayo yakawa vumbi tupu. Mwaka 1901 Edgar Purnell Hooley, msimamizi wa barabara za jimbo la Nottingham huko Uingereza, aliona mahali ambapo lami ilikuwa imemwagika njiani na kufunikwa kwa taka za tanuri ya chuma. Mahali hapo palikuwa pagumu, wala hapakuwa na vumbi. Mwaka 1902 alisajili uvumbuzi wake wa kuchanganya lami na mawe.

Tangu hapo namna za kutandika zimekuwa nyingi, na kila moja ina mahali pake. Iliyo rahisi ni kunyunyiza lami ya moto na kumwaga kokoto juu yake. Hiyo huzuia maji vizuri, lakini katika njia panda, ambapo magari hukata kona na kushika breki, kokoto hung'oka upesi. Kwa barabara yenye magari mengi hutumika lami iliyochanganywa na kokoto kiwandani, ikatandazwa na kushindiliwa ingali moto. Hata hiyo hulainika katika jua kali, na katika vituo vya mabasi magurudumu huifanyia mifereji. Hapo zege hustahimili zaidi, ingawa gharama yake ya mwanzo ni kubwa. Matofali ya zege, ambayo Wakenya huyaita kabro, hufaa katika njia za mwendo wa polepole, kwani huweza kuondolewa ili bomba la maji litengenezwe, kisha yakarudishwa.

Hapana budi injinia apime pia uzito wa magari. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya miaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli ikiongezewa mzigo maradufu, madhara yake kwa barabara hayawi mara mbili, bali karibu mara 16. Basi mwenye lori apakiaye kupita kiasi hula barabara ya watu wote.

Tena kuna jambo la uhai wa watu. Mawe mengine, hasa ya chokaa, husuguliwa na magurudumu mpaka yakang'aa, na mvua inyeshapo motokaa huteleza badala ya kusimama. Kwa hiyo karibu na vivuko vya waendao kwa miguu yatakiwa mawe magumu yasiyong'aa upesi, hata kama bei yake ni kubwa. Mtoto avukaye kwenda shule huokolewa na hatua chache tu.

Mwisho ni udongo na maji. Sehemu nyingi za Nairobi zina udongo mweusi uvimbao wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Udongo huo usipoondolewa au kutengenezwa, na mitaro isipochimbwa, lami iliyo bora kabisa itapasuka. Maji yakiingia katika ufa hulainisha msingi, na shimo hufuata.

Nchini Kenya kazi hiyo sasa ni ya serikali za kaunti, zilizoanza mwaka 2013, pamoja na Mamlaka ya Barabara za Mijini, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Wachaguapo bei ya chini bila kuhesabu matengenezo ya miaka ijayo, mlipa kodi hulipa mara mbili. Lakini mwananchi naye ana wajibu: asitupe taka katika mtaro, na auonapo ufa atoe habari mapema. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.