Dinkinesh, Jiwe la Mbinguni Lenye Jina la Uhabeshi

Baina ya njia ya Mirihi na njia ya Mushtari yako mawe mengi sana, makubwa kwa madogo, nayo hulizunguka jua kama dunia yetu ilizungukavyo. Wataalamu wa falaki huyaita sayari ndogo. La kwanza kuonekana ni Ceres, lililogunduliwa na Giuseppe Piazzi huko Palermo, Italia, tarehe 1 Januari 1801. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za jiwe moja katika hayo, dogo sana, ambalo jina lake limetoka Afrika.

Jiwe hilo laitwa Dinkinesh. Wataalamu wa Marekani waliligundua mwaka 1999, likakaa miaka mingi pasipo jina. Upana wake wapata mita 720, yaani mwendo wa dakika tisa hivi kwa miguu. Hata mwenye macho makali hawezi kuliona bila darubini kubwa.

Je, jina lake lilipatikanaje? Mwaka 1974, huko Hadar katika nchi ya Ethiopia, ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi, ilichimbuliwa mifupa ya kiumbe wa kale aliyeishi yapata miaka milioni 3.2 iliyopita. Waliomvumbua walimwita Lucy, bali Waethiopia humwita Dinkinesh, na maana yake kwa Kiamhara ni "wewe ni wa ajabu". Basi mwaka 2021 Wamarekani walipotuma chombo kwenda kuyatazama mawe yaandamanayo na Mushtari, walikiita Lucy. Kama mifupa ile ituelezavyo asili ya wanadamu, ndivyo mawe yale yatuelezavyo asili ya sayari. Na jiwe la kwanza ambalo chombo kingelipita njiani likapewa jina la Dinkinesh.

Kupita huko kulikuwa jaribio kubwa. Chombo kilikwenda kilomita 4 na nusu kwa kila sekunde moja, na ilipasa kamera zake zigeuke zenyewe zisilipoteze jiwe, kwa kuwa amri itokayo duniani huchukua dakika nyingi kufika. Kama zingalishindwa, safari yote iliyobaki ingalitiwa mashaka. Tarehe 1 Novemba 2023 chombo kilipita umbali wa kilomita 430 hivi, na kamera hazikukosea.

Picha zilipofika, wataalamu walistaajabu. Dinkinesh halikuwa peke yake: lilikuwa na mwezi wake mdogo, ulio mbali nalo kilomita 3 hivi. Siku chache baadaye picha nyingine zikaonyesha kwamba mwezi huo ni mawe mawili yaliyogusana, kila moja upana wa mita zipatazo 200 na zaidi kidogo. Mwezi wa namna hiyo haukupata kuonekana kabla ya hapo. Ukaitwa Selam, yaani "amani", jina la mifupa ya mtoto wa kale iliyopatikana Dikika, huko huko Ethiopia.

Mwezi huo ulitoka wapi? Wataalamu waona kwamba asili yake ni mwanga wa jua. Jua hulitia jiwe joto, na joto likitoka humo hulisukuma kidogo mno. Lakini haba na haba hujaza kibaba: kwa muda wa mamilioni ya miaka jiwe lilizidi kuzunguka upesi, hata vifusi vikaruka. Vingine vikarudi, vikafanya tuta kiunoni mwake. Vingine vikakusanyika, vikawa Selam.

Habari hizi zina faida kwetu sote. Dinkinesh halikaribii dunia, lakini yako mawe mengine yapitayo karibu nasi, na atakaye kuligeuza njia jiwe kama hilo sharti ajue kwanza kama ni mwamba mmoja au ni rundo la vifusi. Kwa hiyo, walimu wakiwaonyesha watoto Mirihi na Mushtari usiku, na wawaambie kwamba baina ya njia zao lapita jiwe dogo lenye jina la Kiafrika, lililowafundisha wataalamu jambo wasilolitazamia.