Saa ya Kwanza ya Kizamani: Itakula Kiasi Gani Hadi Ifike Mkononi?

Saa ya mkononi iliyotangazwa mtandaoni kwa dola 60 haigharimu dola 60. Ikishatua Dar es Salaam, ikapita forodha, ikasafishwa na fundi na kutiwa mkanda mpya, inaweza kuwa imekula karibu dola 150. Ukilijua hilo mapema utanunua saa moja nzuri. Usipolijua, fedha zitaishia njiani na saa italala kabatini ikisubiri fundi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo tuanze na daftari.

Hesabu yenyewe

Chukua saa ya dola 60 na nauli ya posta ya dola 25. Hapo umeshafika 85.

Sasa njoo forodhani. Katika nchi za Afrika Mashariki, bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa ushuru wa asilimia 25. Hata wakikokotoa kwa bei ya saa peke yake bila kuingiza nauli, hizo ni dola 15. Halafu inakuja VAT: asilimia 18 Tanzania, 16 Kenya. Kodi hii hupigwa juu ya bei ambayo tayari imeongezwa ushuru, yaani juu ya 75. Kwa Tanzania ni dola 13.50. Jumla ni 113.50, na saa bado hujaivaa.

Zipo na ndogondogo. Benki hujilipa inapobadilisha shilingi kuwa dola, weka 2.50. Posta au kampuni ya usafirishaji hudai ada ya kushughulikia mzigo, weka 5. Fundi wa kuifungua, kuisafisha na kuitia mafuta, weka 20. Mkanda, 8. Jumla: dola 149.

Nauli, ada na bei za mafundi hutofautiana, kwa hiyo weka namba zako mwenyewe. Mpangilio wa hesabu haubadiliki. Ukiwa na dola 150 mfukoni, tafuta saa ya 60. Ukiwa na 100, usivuke 30, na uvae mkanda ulio nao nyumbani.

Otomatiki ya Kijapani, miaka ya 1970 na 1980

Hii ndiyo saa ya kwanza ninayompendekezea mtu wa kipato cha kawaida. Hujijaza yenyewe unapotembeza mkono, nyingi huonyesha siku na tarehe, na kasha lake mara nyingi ni chuma kisichoshika kutu. Kwa kawaida hutangazwa kati ya dola 40 na 120.

Faida yake kubwa ni vipuri. Mashine hizi zilitengenezwa kwa wingi mno, na mafundi wengi wa mijini wameshazifungua mara nyingi. Saa iliyokufa huuzwa kwa bei ndogo na kugeuzwa ghala la vipuri vya iliyo hai.

Kasoro yake: baadhi hazina uwezo wa kujazwa kwa kitufe cha pembeni. Ukiivua siku mbili itasimama, na utaiamsha kwa kuitikisa. Kwa anayevaa saa kila siku, hilo si tatizo.

Ya Uswisi ya kujaza kwa mkono, miaka ya 1950 na 1960

Hapa bei huanza dola 80 na kupanda hadi 250 bila kufika kwenye majina makubwa. Ni nyembamba, ni nzuri, na nyingi zina upana wa milimita 33 hadi 36. Mkono uliozoea saa kubwa za siku hizi utaiona ndogo, basi pima kwa rula kabla hujalipa.

Usilipie jina lililo usoni. Enzi hizo viwanda vichache vya Uswisi viliuza mashine kwa kampuni nyingi, kwa hiyo mashine ileile ilivaa majina tofauti. Kinachokufaa ni namba ya mashine iliyogongwa ndani, mara nyingi karibu na gurudumu linalocheza. Kwa namba hiyo fundi anaweza kutafuta kipuri hata kama kampuni iliyouza saa ilikufa zamani. Na nyingi zilikufa: saa za betri za kwatzi (quartz) zilipoingia sokoni, kuanzia ile ya kwanza ya mkononi iliyouzwa Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, viwanda vingi vya Uswisi vilifunga milango.

Angalia kasha. Nyuma inaweza kuandikwa kuwa ni chuma kisichoshika kutu, kumbe maneno hayo yanahusu mfuniko wa nyuma tu, na sehemu ya mbele ni madini hafifu yaliyopakwa rangi ya fedha au dhahabu. Kwa joto na jasho la Mombasa, Tanga au Unguja, rangi hiyo huliwa, na kasha likishaanza kutoboka hakuna dawa ya bei nafuu.

Ya Kisovieti

Ukiona maandishi ya Kirusi chini ya namba 6 yakitaja USSR, kwa kawaida hiyo ni saa iliyotengenezwa kabla ya USSR kuvunjika mwaka 1991. Nyingi hujazwa kwa mkono na huuzwa dola 30 hadi 70. Mashine ni ngumu, imara na rahisi kuelewa.

Matatizo ni mawili. Makasha mengi ni shaba njano iliyopakwa kromu, kwa hiyo jasho ni adui yake vilevile. Na fundi wako huenda hana kipuri hata kimoja, hivyo kila kifaa utakiagiza na kukilipia nauli upya. Inunue ikiwa unaishi penye baridi kidogo, kama Arusha, Nakuru au Mbeya, na ikiwa imeshafanyiwa sevisi.

Ya Kihindi

Serikali ya India ilianza kutengeneza saa Bangalore mwaka 1961 kwa ushirikiano na Wajapani. Saa hizo za kujaza kwa mkono bado zinapatikana kwa dola 20 hadi 40, na kwa pesa hiyo ni vigumu kupata saa ya kweli iliyo bora zaidi.

Lakini kaa macho. Soko hilohilo limejaa saa zenye majina ya Uswisi au Japani zilizounganishwa kwa vipande vya saa tofauti, uso ukapakwa rangi upya: buluu kali, nyekundu, kijani, maandishi mazito yasiyonyooka. Saa yenye umri wa miaka 60 ikiwa na uso unaong'aa kama sahani mpya na bei ya dola 35, iache ilipo. Utailipia nauli na ushuru kama nzima, halafu fundi akuambie vipande vyake havijuani.

Ya betri ya zamani

Bei huvutia, hata chini ya dola 20. Kwa saa ya kwanza, ipite. Betri iliyovuja huharibu saketi, na saketi ya miaka ya 1970 ikifa, mara nyingi saa nayo imekufa. Ya kujaza husafishwa ikaamka.

Muulize muuzaji haya kabla ya kulipa

Kuuliza si ujinga. Omba picha ya uso, ya ubavuni, ya mgongo na ya ndani mfuniko ukiwa wazi. Muuzaji asiyetaka kufungua mfuniko anakuuzia kasha.

Omba picha mbili za saa ikiwa kando ya simu inayoonyesha wakati, zikipishana saa 24. Tofauti ya nusu dakika kwa siku inavumilika kwa mashine ya umri huo. Tofauti ya dakika kumi ni bili ya fundi.

Soma maneno ya tangazo kwa makini. "Inatembea" haina maana kwamba inashika majira. "Haijapimwa" ihesabu kuwa mbovu. "Imefanyiwa sevisi" iulizie: lini, na risiti iko wapi?

Kioo cha plastiki chenye michubuko kisikutishe. Fundi hukisugua kikang'aa kwa pesa kidogo. Kioo kigumu chenye ufa kitabadilishwa, na uso uliooza kwa unyevu hauna tiba. Pima pia nafasi ya mkanda: milimita 18 au 20 utapata popote, 17 au 19 utazunguka mji.

Kuhusu maji: hata kama imeandikwa kuwa haiingii maji, mipira ya ndani imeshakauka. Ivue unapoosha vyombo, unapotawadha na mvua inapokushika.

Kuhusu rangi inayowaka gizani: kabla ya katikati ya miaka ya 1960, saa nyingi zenye rangi hiyo zilipakwa radiamu, ambayo hutoa mionzi. Usizifungue nyumbani wala kukwangua nyuso zake. Kwa mwanzo, chagua saa isiyo na rangi hiyo.

Kulipa na kusafirisha

Lipa ndani ya mtandao ulikoliona tangazo, kwa kadi, hata kama ni kadi ya muda inayounganishwa na akaunti ya pesa ya simu. Muuzaji akisema "nitumie pembeni nikupunguzie dola tano", kataa. Pesa iliyotumwa pembeni hairudi.

Kampuni za haraka huleta ndani ya siku chache, lakini nauli inaweza kushinda bei ya saa, na wana ada yao ya kukulipia forodha kwanza kisha wakudai. Posta ya kawaida ni nafuu na ina subira. Chagua yenye namba ya kufuatilia. Ujumbe wa mzigo ukifika, kachukue mapema, maana ukichelewa kuna gharama ya kuhifadhi.

Muuzaji akijitolea kuandika bei ya uongo kwenye fomu, usikubali. Mzigo ukipotea utalipwa kwa bei hiyo ya uongo, na forodha wakigundua, faini ni yako.

Kama huna dola 100

Usiagize. Nenda kwa fundi saa mwenye kabati la kioo pembeni ya barabara, Kariakoo, River Road au Darajani. Wengi wana saa zilizoachwa na wenyewe au walizozinunua na kuzifufua. Hakuna nauli wala ushuru, na unaishika mkononi, unaisikiliza, unaijaza. Chaguo ni dogo na majina huenda si yale unayoyatamani, lakini aliyekuuzia utamkuta palepale wiki ijayo.

Uamuzi

Ukiwa na dola 150: otomatiki ya Kijapani, kasha la chuma kisichoshika kutu, uso usiopakwa upya, kwa bei isiyozidi 60. Ukiwa na 100: ya Kihindi ya kujaza kwa mkono isiyozidi 30, au ya Kisovieti kama huishi pwani. Chini ya hapo: fundi wa mtaani. Ya Uswisi ngoja iwe saa ya pili, utakapokuwa unajua kusoma mashine.

Na kabla hujabonyeza kulipa, mwonyeshe fundi wako picha ya mashine. Akisema vipuri vyake anavyo, lipa. Akitikisa kichwa, funga tangazo utafute lingine.