Vizimba vya Molekuli kama Matofali ya Miundo ya Metali na Ogani: Mtazamo kutoka Gihundwe, Ziwa Kivu

Katika Ziwa Kivu, ambalo Gihundwe iko karibu na ncha yake ya kusini, kizimba ni wavu wa kufugia samaki. Wakemia hulitumia neno hilo kwa molekuli yenye uwazi ndani na madirisha yanayopitisha molekuli ndogo. Mfano maarufu ulichapishwa mwaka 2001: jozi 12 za atomi za shaba na viungo 24 vya isofthalati, vilivyojipanga vyenyewe.

Muundo wa metali na ogani, uliowapatia Robson, Kitagawa na Yaghi Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2025, kwa kawaida huundwa kwa kuchanganya metali na viungo katika chungu kimoja. Njia ya vizimba huigawa kazi hiyo. Kizimba hutengenezwa kwanza, husafishwa na kuthibitishwa. Kisha huunganishwa na vingine kwa viungo vinavyoshika metali upande wa nje. Hivyo ukubwa wa uwazi wa ndani hujulikana kabla ya ujenzi. Mwaka 2018 Furukawa na wenzake huko Kyoto waliunganisha vizimba vya rodiamu kuwa jeli zenye vinyweleo, ingawa bei ya rodiamu haihitaji maelezo.

Ziwa Kivu lina takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksaidi na 60 za methani, zilizoyeyuka katika maji ya kina, hasa kaskazini mwa beseni la Bukavu lisilo na kina kikubwa. Mtambo wa KivuWatt wa Karongi, wa megawati 26, uliozinduliwa mwaka 2016, huosha kaboni dioksaidi kwa maji ya ziwa, kwa kuwa huyeyuka humo kuliko methani. Maji hayo hayanunuliwi, lakini huondoka na sehemu ya methani, na lazima yarudishwe kwenye kina kinachofaa, yasije yakavuruga matabaka yanayoizuia gesi chini. Usalama wa wakazi wa pwani zote mbili umo katika utulivu huo.

Kichujio kigumu kingepunguza maji ya kuosha. Hata hivyo, gesi ya Kivu ina unyevu na salfaidi ya hidrojeni. Vizimba vya shaba huvunjwa na maji, na salfaidi huishambulia shaba. Vya zirkoniamu huvumilia maji zaidi. Mshauri wa sera anayeletewa pendekezo la aina hii anapaswa kudai vipimo vilivyofanywa kwa gesi yenye unyevu na salfaidi, kwa mizunguko mingi, badala ya vile vya gesi kavu ya maabara.