Kwa Nini Waya Kubwa Zapita Juu ya Shamba Bila Kuleta Taa

Mtu akaaye karibu na waya kubwa za umeme, naye usiku huwasha taa ya mafuta, huuliza: "Mbona stima yanipita kwenda Nairobi, nami sipewi?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika volti.

Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme. Katika vituo vya mto Tana, kama Kindaruma kilichoanza kazi mwaka 1968, maji huzungusha mashine zitoazo umeme wa volti 11,000 hivi. Lau ungesafirishwa vivyo hivyo hadi mji wa mbali, sehemu kubwa ingepotea njiani kwa kuzipasha waya moto.

Tufikirie wapagazi katika kichochoro. Wakiwa wengi, kila mmoja na mzigo mdogo, husongamana na kusuguana. Wakiwa wachache, kila mmoja na mzigo mkubwa, shehena ile ile hupita kwa urahisi. Ndivyo ulivyo umeme. Transfoma ikizidisha volti mara 12, hata zikawa 132,000, mkondo hupungua mara 12, na hasara katika waya ile ile hupungua mara 144. Kwa volti hizo 132,000 umeme wa Jinja, Uganda, ulifika Kenya mwaka 1958. Leo ziko pia njia za volti 220,000 na 400,000.

Ukaribiapo watumiaji, umeme hushushwa kwa hatua: volti 66,000 au 33,000, kisha 11,000, na mwisho 240 za nyumbani. Kuushusha kutoka waya kubwa huhitaji kituo kizima chenye mitambo ya gharama nyingi, hivyo hakiwezi kujengwa kwa ajili ya nyumba moja. Taa huja kwa waya ndogo na transfoma ya kijijini.

Basi transfoma hiyo ilindwe. Mafuta yaliyomo huipoza na kuzuia umeme usiruke ndani yake. Yakiibwa, huungua, na zahanati na kinu cha unga hukosa nguvu pamoja.

Tena yafaa kila mzazi awaonye watoto: volti kubwa huweza kumrukia mtu hata kabla hajaigusa waya, na hata volti 240 huua. Waya ikianguka, msiikaribie wala msiisogeze kwa fimbo. Wazuieni watu na mifugo, mkawaarifu wenye kazi hiyo upesi.